Afande na Mafunjo ya Nyuma ya Bafu

Wageni wawili waliingia nyumbani kwa Sadiya siku moja, wote kutoka kinamasi kimoja upande wa Koboko, wote wakinuka tope la kwao. Mmoja alikuwa kifaranga cha korongo taji, yule ndege aliyechorwa katikati ya bendera ya Uganda. Mwingine alikuwa kipande cha mzizi wa mafunjo, ile mimea mirefu ya majini ambayo watu wa huko husukia mikeka. Mumewe, Isa, ndiye aliyewateremsha kwenye pikapu yake, kifaranga kwapani na mzizi ndani ya gunia lililolowa, akiwa na uso wa mtu anayejua atasemwa na majibu ameshayapanga.

"Wamechoma nyasi kule, mama yake hapana rudi," Isa alisema. "Sasa ningeacha mbwa ikule yeye?"

"Na hii majani, Baba Latifah? Nayo mama yake hakurudi?"

"Hiyo ni ya kutuliza yeye. Mtoto akihama na kitanda yake, halii sana."

Sadiya alisema aliyokuwa nayo ya kusema, na hayakuwa machache. Alipomaliza aliingia jikoni, akakoroga unga wa mahindi kwa maji ya vuguvugu, akamlisha kifaranga kwa kidole. Huyo ndiye Sadiya. Mdomo wake ulikuwa mkali lakini haukuwahi kumnyima mtu chakula.

Mafunjo yalipandwa nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea kwenye tundu la ukuta. Mvua za kwanza hazijaisha yalikuwa yamepita kimo cha ua. Yalikunywa povu la sabuni, yakanywa maji ya kufulia, yakanywa hata yale ambayo watoto wa majirani huyaacha hapo wakidhani hawaonekani, na yote yakayanenepesha. Sadiya aliyafyeka kwa panga mara kadhaa kwa hasira, kwa sababu yalileta mbu. Baada ya muda mfupi machipukizi yalikuwa yanamchungulia tena, mabichi, kila bua na kishungi chake kichwani.

Ndege naye alikua. Alirefuka miguu, akaota kishungi cha dhahabu, akajaa manyoya ya kijivu yenye kung'aa. Alitembea uani polepole, akisimama mbele ya kila sufuria na kila kandambili kama mkubwa wa jeshi anayekagua gwaride, na kwa kuwa familia hii ya Wanubi wa Onduparaka, pale Arua, haijawahi kukosa mwanajeshi tangu enzi za babu wa babu, jina lilijileta lenyewe. Akaitwa Afande. Alikula kutoka kiganjani mwa Sadiya. Akiitwa, hugeuka. Isa alimkata manyoya ya bawa kwa mkasi kila yalipoota, asije akaruka juu ya waya za umeme.

Lakini Afande hakuwahi kucheza, na korongo hucheza. Kila mtu aliyekulia karibu na kinamasi anajua. Alfajiri alitoa mlio mmoja, kisha akainamisha kichwa upande, akangoja, kama mtu aliyebisha hodi mlangoni. Hakuna aliyemjibu zaidi ya mbuzi wa Jamilah, jirani wa ukuta mmoja. Basi huanza tena kukagua sufuria.

Sadiya aliliona jambo hilo na likamkera moyoni. Isa hakutaka kuliona. Isa alikuwa na hoja yake, na aliishika kwa mikono miwili: hawa wawili ni wa tope moja, walihama siku moja, na ukitaka kujua hali ya mmoja mtazame mwenzake. Mgeni akisema tu kwamba huyu ndege anaonekana ana huzuni, Isa humshika mkono, akampeleka nyuma ya bafu, akamwonyesha mafunjo.

"Angalia. Hii iko na huzuni? Imenona kuliko wewe. Basi na ndege iko sawa."

Wageni walikubali, kwa sababu mafunjo yalikuwa yamenona kweli, na kwa sababu wameshikwa mkono.

Ndipo likaja tangazo la redio. Mwanamke aliyejitaja kuwa Stella Kiden, wa huko Koboko, alisema kwa sauti ya upole kwamba korongo taji wamebaki wachache mno, kwamba ndege huyu hutaga mayai machache kwa mwaka na akiibwa kifaranga pengo halizibiki upesi. Akasema kuna ua umejengwa kando ya kinamasi wa kuwapokea wale waliofugwa majumbani. Aletaye ndege wake kabla ya mwezi kwisha hataulizwa kitu. Baada ya hapo sheria itafuata mkondo wake, na sheria yenyewe ni ya kifungo. "Msiogope," alimalizia Stella Kiden.

Lau angeliacha hilo neno la mwisho, huenda mambo yangekuwa mepesi. Isa alikulia uhamishoni, ng'ambo ya mpaka upande wa Sudan, katika miaka ile ambayo nusu ya West Nile ilikuwa huko, na wazee walimlea asiamini tangazo lolote lenye neno msiogope. Alizima redio.

"Mutu anafungwa kwa kufuga bendera?" alisema.

"Hawajasema watafunga. Wamesema tupeleke."

"Ndiyo hivyo wanasema mbele ya kufunga. Ukipeleka, umejitaja. Mimi nitamaliza uzee yangu ndani, kwa sababu ya kuku mrefu."

Tangu siku hiyo, hodi ikipigwa, Afande alisukumwa ndani ya mafunjo nyuma ya bafu, na Isa akasimama mlangoni akikohoa kikohozi cha uongo. Ndege alifichwa alipokuja muuza mkaa, akafichwa alipokuja imamu, akafichwa hata alipokuja shemeji yake Isa mwenyewe, aliyemjua tangu kifaranga. Sadiya alichoka. Alikuwa na hofu mbili na zote hazikumwacha alale: kwamba mwezi ungekwisha na mumewe achukuliwe kweli, na kwamba ndege angewafia mikononi, maana siku hizo alianza kuiacha nusu ya chakula chake kiganjani.

Jambo lililokata shauri lilitokea alasiri moja, wakati Jamilah anamwoza binti yake. Ngoma ya doluka ilipigwa uani kwa Jamilah tangu baada ya adhuhuri, wanawake wamejipanga wakiimba, mabega yakienda, vigelegele vikiruka ukuta. Sadiya alirudi kwake mara moja kuchukua sinia la gurusa, ile mikate ya maji ambayo bila hiyo harusi ya Kinubi haijakamilika. Alipopita karibu na bafu alisikia vishindo vya miguu, akachungulia.

Afande alikuwa anacheza.

Alikuwa amefungua mabawa yake yaliyokatwa, anaruka juu na kutua kwa miguu miwili pamoja. Aliokota kijiti, akakirusha hewani, akakidaka. Kisha akasimama wima mbele ya bua moja la mafunjo, lililokuwa sawa na kimo chake, lenye kishungi kilichochanua duara, nyuzi nyembamba zimesimama pande zote kama zile za kichwani mwake. Akaliinamia. Akainama mpaka mdomo ukakaribia tope, akainua kichwa, akalitazama.

Upepo ukavuma kidogo, kishungi cha mafunjo kikainama.

Afande aliruka kwa furaha ambayo Sadiya hakuwahi kuiona kwake tangu aje. Akazunguka, akarusha majani, akaja tena kuinama.

Jamilah alikuwa amemfuata Sadiya kuona kwa nini gurusa zinachelewa, na nyuma yake wanawake wengine watatu wanne na leso zao za harusi. Walipoona, walicheka hadi wakashikana.

"Sadiya, wewe umepata mkwe," Jamilah alisema. "Afande ameposa majani."

Sadiya naye alicheka. Ilichekesha, hakuna wa kukataa. Ngoma ililia upande wa pili, ndege akainama, wanawake wakapiga vigelegele kumsaidia bwana harusi. Kisha upepo ukatulia. Afande aliinama na bua likasimama tu. Akainama tena, chini zaidi. Akangoja, kichwa upande, kama anavyongoja kila alfajiri. Akaokota ujani, akauweka taratibu pale penye shina, kama zawadi, akarudi hatua moja nyuma, akangoja.

Sadiya aliacha kucheka. Aliona aibu, aibu hasa, kana kwamba ni yeye aliyemdanganya ndege huyo na kumletea mchumba wa uongo. Mafunjo yale yalikuwa na wenzao, yalizaana kwenye maji ya sabuni, hayakumtaka mtu. Huyu ndege alikuwa na kishungi cha bua tu cha kutazama. Walitoka tope moja, ndiyo, lakini ukimkata mmoja anaota, na huyu mwingine alikuwa anakatwa kila akiota, kwa mkasi wa nyumbani kwake.

Alimpa Jamilah sinia akabaki hapo. Harusi ilimsubiri sana.

Isa aliporudi kutoka kwa wanaume wenzake, Sadiya hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Kesho tunapeleka Afande Koboko."

"Mama Latifah, tumeshasema hii maneno."

"Wewe umesema. Mimi leo nimeona." Akamweleza yote, kijiti, kuinama, ujani uliowekwa kwenye shina. Isa alisikiliza, akafungua mdomo kusema kuhusu tope moja. Sadiya akamzuia kwa kiganja. "Usinionyeshe mafunjo. Hiyo majani hata ukipanda ndani ya kiatu itaota. Hii ndege iko peke yake. Kama wewe unaogopa, baki. Nitafunga yeye kamba na tutatembea na miguu, mimi na yeye, mpaka Koboko, watu wote waone."

Isa alimjua mkewe. Alijua pia kwamba angetembea kweli, na kwamba mji mzima ungeuliza mumewe yuko wapi. Akakaa kitandani, akavua viatu vyake kimoja kimoja.

"Watanifunga," alisema hatimaye, na haikuwa hoja tena, ilikuwa hofu tupu.

"Basi tutafungwa wote. Nitakupikia ndani," alisema Sadiya, akamwekea mkono mgongoni.

Asubuhi Isa alitoka amevaa kanzu yake safi, na mkoba begani. Ndani ya mkoba mlikuwa na nguo za kubadilisha, mswaki, na msala wa kuswalia. Sadiya aliuona mkoba, akaelewa. Walimviringisha Afande ndani ya mkeka, miguu imekunjwa vizuri, kichwa kimefunikwa leso ili atulie, wakamlaza kwenye kiti katikati yao. Kwa mbali ungedhani wamebeba mgonjwa mwembamba.

Njia ya lami ni nzuri na Isa aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Walikuwa wamekwisha kuvuka zaidi ya nusu ya safari walipokuta kizuizi. Askari mmoja mnene, mwenye usingizi, aliinama dirishani, akasalimia, akauliza habari za Arua, akanyoosha kidole kwenye mkeka.

"Nini hii?"

"Mkeka," alisema Isa.

Mkeka ukalia. Ulikuwa mlio mkubwa, wa tarumbeta iliyopasuka, na leso ikadondoka, na kishungi cha dhahabu kikajitokeza na kumkagua askari kuanzia kofia hadi mkanda. Isa alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Sadiya akaona hakuna tena la kuficha. "Ni korongo, mwanangu," alisema. "Tulimlea nyumbani. Ilikuwa makosa. Sasa tunapeleka yeye kwa yule mama wa redio, huko Koboko, akae na wenzake. Kama ni kufunga, ngoja kwanza tufikishe, halafu utatupata hapa hapa tukirudi."

Askari aliwatazama, akamtazama ndege. Akakuna shavu.

"Sasa huyo mama wa redio," alisema, akishusha sauti, "anapokea kweli bila maneno? Mama mkwe wangu iko na mbili. Hizo ndege zinanipiga mdomo kila nikienda kusalimu."

"Sisi tunaenda kujaribu," alisema Sadiya.

"Mukirudi salama, simama hapa muniambie."

Akafungua njia. Walipopita kona, Isa akaanza kucheka, kicheko chembamba kisichoisha, mpaka Sadiya akamwambia asimamishe gari wasije wakaingia mtaroni.

Ua ulikuwa kando ya kinamasi kweli, umezungushiwa wavu mrefu, na sehemu ya kinamasi chenyewe imeachwa ndani pamoja na mafunjo yake. Stella Kiden alikuwa msichana wa Kikakwa mwenye buti za mpira hadi magotini na tope hadi viwikoni. Alimpokea Afande kama mtu anayepokea mtoto wa dada yake. Akamgusa kifua, akamtazama macho, akakunjua bawa.

"Nani anakata hii manyoya, mzee?"

"Mimi," alisema Isa. Alikuwa amesimama wima, mkoba begani. "Mwanamke huyu hana makosa. Mimi ndio nilileta, mimi ndio nilikata."

"Acha kukata tena. Itaota yenyewe akibadilisha manyoya. Anakula nini?"

Sadiya akaeleza: mahindi, dagaa, panzi akipata. Stella akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Isa alingoja. Hakuna kingine kilichokuja.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe nini, mzee?"

"Mimi sasa napelekwa wapi?"

Stella alimtazama, akautazama mkoba, na Sadiya akaona msichana amejizuia asicheke kwa heshima. "Nyumbani, Baba. Au mukunywe chai kwanza, halafu nyumbani."

Isa akaketi juu ya gogo. Akasema alhamdulillahi, akairudia, akaivua kofia yake na kujifutia uso. Sadiya alimfurahia mumewe kuliko alivyomfurahia siku yoyote tangu harusi yao. Lakini yeye hakuketi. Kulikuwa bado na ile hofu nyingine, na hiyo haikuwa mikononi mwa serikali.

Ndani ya ua alikuwamo korongo mwingine, aliyeletwa kutoka nyumba moja ya wageni mjini, ambako alisimama miaka kwenye bustani apigwe picha. Stella alisema mwenzake wa pale alikufa na tangu aje hajamsogelea mtu. Akafungua lango dogo, akamwachia Afande, na wote watatu wakashika wavu.

Afande alikagua ua. Akapita mbele ya korongo yule bila hata kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja kwenye mafunjo. Akachagua bua lenye kimo chake. Akaliinamia.

"Mimi nimeharibu yeye," alisema Isa kwa sauti ya chini, akiwa amesimama nyuma ya mkewe. "Hajui tena nani ni ndege."

Hilo ndilo Sadiya naye alilokuwa akiliwaza. Afande aliinama tena. Hapakuwa na upepo siku hiyo, na kinamasi chote kilisimama kimya kwenye jua. Akangoja, kichwa upande. Sadiya alibana wavu hadi vidole vikamuuma.

Yule mwingine alikuwa ametazama yote hayo kutoka upande wa pili. Akaja. Alikuja kwa hatua ndefu za taratibu, akasimama palepale kando ya bua la mafunjo, vishungi viwili sambamba, na akainama.

Afande aliruka nyuma kwa mshtuko. Akalitazama bua, akamtazama ndege, akalitazama bua tena. Kisha akamwinamia ndege, haraka haraka, kama anayejaribu maji kwa kidole. Ndege akamjibu. Akainama tena, vizuri zaidi, mpaka chini, na akajibiwa tena, na sasa yule mwingine akafungua mabawa yake na kuruka.

Walicheza. Walicheza bila ngoma na bila vigelegele, miguu ikitifua tope, na Stella Kiden, ambaye labda kazi yake haikumruhusu kulia, alilia. Isa alikuwa anahesabu tasbihi asiyokuwa nayo. Sadiya alihisi kitu kizito kikimtoka kifuani chote kwa mara moja, na akacheka kwa sauti.

Kisha akaita. "Afande." Aliita kwa sauti ile ile ya uani, ambayo ndege hakuwahi kuisikia asigeuke. Aliita akiomba asigeuke.

Hakugeuka.

"Haisikii," alisema Isa.

"Inasikia," alisema Sadiya, akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Iko na kazi."